Kipupwe cha Singida na Dumu la Lita 10

Wasomaji wengi wa ukurasa huu walioko Dar es Salaam, Tanga au Unguja huijua Singida kwa mambo matatu: alizeti, kuku wa kienyeji, na yale mawe makubwa yanayoonekana kutoka dirishani mwa basi la kwenda Mwanza. Jambo la nne hulijua wale waliowahi kulala hapa mwezi wa Juni au Julai, nalo ni baridi.

Mji wa Singida umekaa juu ya uwanda wa katikati ya nchi, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jirani na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mwishoni mwa Mei mvua huwa zimekwisha, mashamba yamevunwa, na upepo wa mashariki huanza kuvuma juu ya ardhi iliyo wazi. Upepo huu ni mashuhuri kiasi kwamba kwa miaka mingi mkoa wetu umekuwa ukitajwa katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Alfajiri za kipupwe joto hushuka hadi karibu nyuzi 12 za Selsiasi. Kwa ndugu zetu wa Ulaya hiyo ni hali ya kawaida. Kwa mzee wa hapa anayetoka kwenda kuswali Alfajiri, ni koti juu ya kanzu na shuka juu ya koti.

Katika baridi hiyo na upepo huo, kamati yetu ya msikiti imeendesha gari la haibridi kwa mwaka mzima na zaidi, huku tukiandika kila lita ya petroli iliyoingia katika tanki. Tunayoyaeleza hapa yametoka katika daftari hilo. Yanahusu barabara za mkoa wetu, yanahusu mafuta, na yanamhusu pia mtu mmoja ambaye heshima yake ilitiwa shakani kwa sababu ya lita 10.

Gari na sharti lake

Gari letu ni Toyota Aqua, lililonunuliwa kwa michango ya waumini likiwa limekwishatumika Japani, kama yalivyo magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kazi yake ni kuwafikisha walimu katika madrasa za vijijini, kupeleka juzuu na misahafu, kumwahisha mgonjwa hospitali, na mara nyingine kuwahi maziko. Hadi leo dashibodi yake husalimu kwa Kijapani kila asubuhi, na watoto wa madrasa wamekwisha kuijua salamu hiyo kwa moyo.

Magari ya aina hii si mapya. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwezi wa Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011, ikiwa ndogo na nyepesi zaidi, yenye injini ya lita 1.5 na tanki la lita 36. Ndani yake mna injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Dereva akikanyaga breki, au akiachia mafuta kwenye mteremko, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kuwa joto la breki huingia katika betri kubwa. Gari likisimama au likienda polepole, injini huzima na umeme ule ule hulisukuma.

Siku ya kuamua ununuzi, baadhi ya wazee waliihofia betri hiyo. Ikifa, walihoji, fedha za nyingine zitatoka wapi? Swali lao lilikuwa la haki, nalo ndilo lililozaa daftari. Mkutano uliafiki gari linunuliwe kwa sharti kwamba kila mwezi waumini wasomewe limekwenda kilomita ngapi na limekula lita ngapi, ili siku betri itakapodai haki yake, ijulikane gari limekwishaokoa kiasi gani.

Jinsi ya kuandika

Utaratibu wetu ni mwepesi na kila familia yenye gari au bodaboda inaweza kuufuata. Tanki hujazwa mpaka mkono wa pampu unapojikata wenyewe mara ya kwanza, bila kuongeza tone. Hapo dereva huandika kilomita zinazosomeka. Mara inayofuata hujaza vivyo hivyo, huandika lita zilizoingia, kisha kilomita zilizotembewa hugawanywa kwa lita hizo. Hatutegemei tarakimu ya wastani inayoonyeshwa na dashibodi, kwa kuwa hiyo ni makisio ya gari lenyewe. Stakabadhi ya kituo cha mafuta hubandikwa pembeni ya kila mstari.

Tuliamua pia kuandika lita kabla ya shilingi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hupanda na kushuka kwa sababu zilizo mbali kabisa na Singida. Mhazini akitazama shilingi peke yake, mwezi ambao bei imepanda utafanana na mwezi ambao mafuta yameibwa. Lita haina udanganyifu huo.

Wanafunzi wa elimu ya dini wanafahamu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Hatudai kwamba daftari la petroli lina hukumu ya deni. Tunasema tu kwamba Uislamu umetuzoesha kuandika mambo ya mali wakati watu bado wanapendana, kabla ugomvi haujaingia.

Tarakimu zilizozua minong'ono

Mwezi wa Februari na Machi, gari lilitembea wastani wa kilomita 22.4 kwa lita moja. Waumini walifurahi, ingawa kijana mmoja aliuliza kwa nini lisifikie kilomita 35.4 zilizotangazwa Japani lilipozinduliwa. Tulimjibu kwamba kipimo kile cha Japani hufanywa gari likiwa juu ya magurudumu ya maabara, mahali pasipo na upepo, vumbi wala abiria watano.

Ulipofika Juni wastani ukaanza kushuka, na kwa Juni na Julai kwa pamoja ukasimama kwenye kilomita 18.9. Kila mwezi gari hutembea karibu kilomita 1,200. Kwa kipimo cha Februari, safari hizo zilihitaji lita 54. Kwa kipimo cha Julai zilihitaji lita 64. Tofauti ni lita 10, yaani dumu moja lililojaa.

Dumu ni kitu ambacho kila mtu anaweza kulipiga picha akilini. Wiki ile ile maneno yakaanza kutembea barazani: dumu la lita 10 linakwenda wapi kila mwezi? Dereva wetu ni kijana mwenye mke na watoto wawili, anayelipwa posho ndogo na kuamka usiku wowote anapoitwa kwa ajili ya mgonjwa. Hakuna aliyemkabili usoni. Alisikia kwa watu wa pembeni, akaja kwa kamati jioni moja akiwa na funguo mkononi, akaomba azirudishe kabla jina lake halijaharibika zaidi.

Kamati ilikataa kuzipokea. Katika fiqhi, anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na hapakuwa na mdai wala ushahidi. Palikuwa na tarakimu moja tu iliyoshuka. Suratul-Hujurat imekemea dhana mbaya kwa uwazi usiohitaji tafsiri ndefu. Hata hivyo tuliona kwamba kumwambia kijana asubiri tu kusingemsaidia. Shaka iliyozaliwa na hesabu huondolewa na hesabu.

Safari ya Shelui

Mzee mmoja wa kamati, ambaye mwenyewe alikuwa akiuliza maswali mengi kuhusu mafuta, aliombwa aandamane na dereva katika safari ya Shelui. Tanki lilijazwa mbele yake, akaandika kilomita kwa mkono wake, na ikakubaliwa kwamba watakaporudi watajaza kwenye pampu ile ile.

Barabara ya Shelui ni mwalimu mzuri wa gari la haibridi. Ukitoka mjini kuelekea magharibi unapita Iguguno, kisha Misigiri ambako barabara ya Kiomboi huchepuka, na mbele yake nchi inakatika ghafla kwenye mteremko wa Sekenke. Jina hili ni la kale katika habari za dhahabu, kwani mgodi wa Sekenke ulikuwa ukifanya kazi tangu zama za Wajerumani. Leo jina hilo huwatia hofu madereva wa malori, ambao huushuka mteremko kwa gia nzito na kuupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Chini yake inatandaza mbuga ya Wembere, tambarare hadi macho yachoke.

Wakati wa kushuka Sekenke, injini ya Aqua haihitaji petroli. Betri hujazwa na mteremko wenyewe, na dereva asiyejua hudhani amepata neema isiyo na mwisho. Lakini betri ikishajaa haipokei tena, na hapo mota haiwezi kusaidia breki kama mwanzo. Dereva wetu huweka gia kwenye herufi B, ili injini ishike gari kwa uzito wake na breki zisichemke. Mzee aliyaona hayo kwa macho yake.

Kurudi kulikuwa habari nyingine. Kutoka Shelui kwenda Singida gari hupanda, na wakati wa kipupwe hupanda likiutazama upepo. Hapa panahitaji hesabu kidogo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likipambana na upepo wa kilomita 30 hukutana na hewa kana kwamba linakwenda 110, na ukinzani huo unakaribia mara mbili. Mtu atasema kwamba upepo huo huo ulilisukuma wakati wa kwenda. Ni kweli, lakini upepo wa nyuma haurudishi chote kilichochukuliwa na upepo wa mbele. Kwa mfano wetu, ukijumlisha kwenda na kurudi, ukinzani wa hewa unabaki umezidi kwa asilimia 14 kuliko siku iliyotulia.

Jioni tanki lilijazwa. Hesabu ya mzee ilitoa kilomita 18.6 kwa lita. Safari mbili za Shelui zilizotangulia, ambazo dereva alikwenda bila msimamizi, ziliandikwa 18.5 na 18.8.

Baridi hufanya nini

Upepo haukuwa peke yake. Injini ya haibridi inapoamka alfajiri ikiwa baridi, huwaka yenyewe hata kama betri imejaa, ili ijipashe joto na kuupasha mtambo wa kusafisha moshi. Kwa safari ya Dodoma, ambayo ni kama kilomita 240, muda huo si kitu. Kwa safari ya kumchukua mwalimu mtaani na kumfikisha madrasa umbali wa kilomita mbili, safari huisha kabla injini haijapata joto la kuiruhusu izime. Ongeza kwamba oili ya baridi ni nzito, na kwamba wazee wakiomba kipasha joto kiwashwe, joto hilo hutoka katika maji ya injini, hivyo injini huendelea kuwaka hata gari likiwa limesimama.

Matairi nayo yana hesabu yake. Upepo ulio ndani ya tairi hupungua kwa karibu pauni moja kila joto linaposhuka kwa nyuzi tano na nusu. Tairi lililopimwa saa saba mchana kwenye nyuzi 27 litakuwa na upungufu wa karibu pauni tatu alfajiri ya nyuzi 12, na tairi laini hulifanya gari lijikokote.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko Minneapolis na Toronto wanayajua haya kwa kiwango kikubwa zaidi. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba katika mwendo wa mjini, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la kawaida hupoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake wa kutembea kwa lita moja ikilinganishwa na nyuzi 25, lakini la haibridi huweza kupoteza asilimia 30 hadi 34. Sababu inaeleweka: faida yake kubwa ni kuzima injini, na baridi huilazimisha injini iwake. Mwenye akiba kubwa ndiye mwenye kikubwa cha kupoteza.

Kipupwe chetu hakifiki huko hata kidogo. Hata hivyo baridi ya alfajiri, safari fupi, matairi na upepo vilipokutana, vilitosha kuchukua lita 10.

Daftari linasema

Tuliyasoma haya yote mbele ya waumini baada ya swala ya Ijumaa, mstari kwa mstari, pamoja na stakabadhi. Tuliongeza jambo moja ambalo minong'ono ilikuwa imelifunika. Gari la injini ya kawaida tulilokuwa tukilikodi zamani lilitembea kilomita 11 kwa lita. Kwa kilomita 1,200 lingekula lita 109. Kwa hiyo hata katika mwezi wake mbaya kabisa, gari letu liliokoa lita 45. Watu walikuwa wakilililia dumu moja, nao walikuwa wamepewa manne na nusu.

Mzee aliyesafiri Shelui akasimama, akasema ameandika kwa mkono wake na amejaza kwa macho yake, kisha akamwita dereva "mwanangu" mbele ya safu zote na kumtaka radhi kwa niaba ya baraza. Kijana alitikisa kichwa tu. Funguo zilibaki kwake.

Miezi iliyofuata iliendelea kushuhudia. Agosti hadi Oktoba, joto liliporudi na upepo ukabaki, wastani ulipanda hadi 20.3. Februari, joto likiwapo na upepo umetulia, ulifika 22.1. Dereva alikuwa yule yule, gari lile lile, barabara zile zile. Hapo hata asiyejua hesabu aliweza kuona ni sehemu ipi ya lita 10 iliyochukuliwa na baridi na ipi iliyochukuliwa na upepo.

Kwa wenye gari kama hili

Kwa familia na kamati zinazofikiria haibridi katika nyanda za baridi, iwe Singida, Mbulu, Njombe au Mbeya, tunapendekeza machache.

Pimeni upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea. Unganisheni safari fupi ziwe moja, ili injini ikishapata joto lisipotee bure. Katika maeneo ya vijiji yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, kama tunavyopita Puma, Ikungi na Issuna, msione mmecheleweshwa. Huo ndio mwendo ambao gari hili hulipenda, na sheria ya barabarani na mfuko vinakubaliana. Abiria wavae makoti, kipasha joto kiachwe kwa mgonjwa na mtoto mchanga.

Zaidi ya yote, lindeni betri kubwa dhidi ya vumbi. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Kwetu, ambako upepo wa kiangazi hubeba vumbi jekundu, tundu hilo husafishwa mara kwa mara, na ni marufuku kuliziba kwa mabegi au maboksi ya juzuu. Betri iliyokosa hewa hupata joto, hufanya kazi kwa shida, na umri wake hupungua.

Kuhusu ile hofu ya kwanza ya wazee, mkutano wa mwaka uliamua kwamba thamani ya lita zinazookolewa kila mwezi itengwe katika fungu la betri. Fungu hilo huandikwa katika daftari lile lile, ukurasa wa nyuma, na mtu yeyote katika jamaa ana haki ya kuomba alione.

Tunawausia wenzetu wanaoshika mali za msikiti, za madrasa na za familia: msihukumu kwa mwezi mmoja. Mwaka una masika, kipupwe na kiangazi, na kila msimu huchukua haki yake. Anayeandika kwa uaminifu mwaka mzima hulinda amana, na humlinda pia yule aliyekabidhiwa amana hiyo, ambaye mara nyingi ndiye mnyonge kuliko wote. Wallahu a'lam.